Kamera Ndogo Tamashani Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ikikaribia shoo kubwa kwenye bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, Ngomeni (Fort Jesus) au kwenye kumbi za Nyali, simu yangu hujaa maswali yale yale. Mmoja amepata kamera ya marehemu babake kabatini, mwingine ameinunua ya mtumba, wa tatu amechoka na picha za simu zinazofanana na za kila mtu. Kwa miaka mingi nimepiga picha za wasanii nikiwa upande wa mashabiki, kwa kamera ya mfukoni, bila kadi ya mwanahabari shingoni. Nimeyakusanya hapa majibu ninayowapa. Maswali yana nambari ili jambo lililokwisha kuelezwa nikuelekeze liliko.

## Kabla ya kutoka nyumbani

1. Kamera ndogo inaruhusiwa kuingia?

Mara nyingi, ndiyo. Waandaaji wengi hukataza "kamera za kikazi", na kwa mlinzi wa getini maana yake ni kamera ambayo lenzi yake hutoka na kubadilishwa. Kamera yenye lenzi isiyotoka na inayoingia mfukoni huwa haimshughulishi. Hata hivyo soma tiketi na tangazo la shoo, kwa sababu msanii mwingine hukataza kamera za aina zote, na hiyo ni haki yake.

Ukisimamishwa, usibishane. Itoe, iwashe, mwonyeshe. Mimi husema tu, "Kaka, hii ni ya mfukoni, lenzi haitoki," nayo mara nyingi hujibiwa, "Haya dada, pita." Akikataa kabisa, mwombe mkubwa wake kwa upole. Akikataa naye, irudishe kwa mtu unayemwamini. Usiifiche kwenye nguo upite nayo: ukionekana ndani utatolewa, na shabiki atakayekuja na kamera kesho ataadhibiwa kwa kosa lako.

2. Simu ninayo. Kamera ya nini?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni lenzi. Kamera ndogo nyingi zina zumu halisi, vioo vinavyosogea vyenyewe. Simu nyingi ukivuta mbali zinakata tu kipande cha picha na kukikuza, ukaambulia uso uliotapakaa kama rangi iliyomwagiwa maji.

Ya pili ni mkono na akili. Ukiwa na kamera hujibu ujumbe, huoni simu ya nyumbani ikiingia, huangalii nani ametuma nini. Unamtazama mwimbaji. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa. Lakini kama simu yako ni mpya na ya bei, na kamera uliyo nayo ni ya 2005, basi gizani simu inaweza kuishinda. Zijaribu zote mbili sebuleni usiku, taa moja ikiwaka, kabla hujaamua.

3. Ninunue kamera gani ya mtumba?

Acha kuuliza ina megapikseli ngapi. Uliza ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwangaza. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi chenye upana wa milimita 6 hivi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kuna kamera za mfukoni zenye kihisi kinachoitwa cha inchi 1, chenye upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8. Eneo lake ni kama mara nne ya kile kidogo, na usiku tofauti hiyo utaiona waziwazi. Sony RX100 iliyotoka 2012 ni ya kundi hili, na lenzi yake hufunguka hadi f/1.8. Canon PowerShot S95 ya 2010 ina kihisi kidogo zaidi ya hicho, lakini ni kikubwa kuliko vya kamera za kawaida, na tundu lake la f/2.0 bado linafaa sana.

Hiyo nambari baada ya herufi f ni tundu la lenzi. Nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwangaza unaingia kwa wingi.

Kabla ya kulipa, iwashe na kuizima mara kumi. Sikiliza lenzi inapotoka: isikwaruze wala isisite. Piga ukuta mweupe utafute madoa. Kisha angalia ndani ya lenzi kwa tochi ya simu, kwani hapa Pwani unyevu huotesha kuvu kwenye vioo, unaonekana kama utando wa buibui au mizizi myembamba. Ukiuona, iache hata kama bei ni ya kutupa.

4. Kadi gani, na betri ngapi?

Kamera nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2006 husoma kadi za SD za kawaida tu, ambazo kwa kawaida hazizidi GB 2. Ukiitia ya GB 32 itakuandikia kwamba kadi ina hitilafu, nawe utadhani umeuziwa mbovu. Zilizofuata husoma SDHC hadi GB 32. Kwa shoo moja GB 8 au 16 zinatosha.

Betri beba mbili. Betri kuukuu huonyesha imejaa, kisha ikazimika ghafla lenzi ikiwa nje. Punguza mwanga wa skrini na usikae ukirudia kutazama picha ulizopiga; skrini hula betri, na pia inawamulika walio nyuma yako.

Na uiseti saa. Kamera iliyokaa miaka bila betri husahau tarehe, na picha za jana zitaandikwa za 2005.

## Mwangaza

5. Kwa nini jukwaa linatoka jeusi na vichwa vya watu vinatoka vyeupe?

Flashi. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake halijawahi kubadilika: izime.

Flashi ya kamera ndogo hufika mita 3 hadi 5 hivi. Wewe umesimama mita 15 au 20 kutoka jukwaani. Kinachomulikwa ni visogo, kofia na mikono iliyoinuliwa mbele yako, pamoja na vumbi na moshi wa jukwaa unaogeuka madoa meupe hewani. Kamera nayo ikishajua flashi itawaka, hujipanga kwa mwangaza huo, na jukwaa lililokuwa na taa zake nzuri likabaki shimo.

Tafuta alama ya umeme uliopigwa mstari, uichague, na uhakikishe inabaki hivyo kamera ikizimwa na kuwashwa. Zima pia kile kitaa cha rangi ya machungwa kinachowaka mbele wakati kamera inatafuta shabaha, na ule mlio wa "pi". Anayepiga udi au fidla kwenye ukumbi mdogo anakiona na anausikia. Fundi wa taa ameshafanya kazi ya kumulika. Wewe ipokee tu.

6. Nimezima flashi. Sasa kila picha imetikisika.

Kwa sababu shata inakaa wazi muda mrefu ili ikusanye mwangaza. Kuna mambo matatu ya kurekebisha.

Kwanza, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwangaza. Acha kuogopa chenga. Kwenye kamera ya kihisi kidogo nenda 800, hata 1600. Kwenye ya inchi 1 nenda 3200. Picha yenye chengachenga lakini uso umetulia ni picha. Picha safi yenye uso uliovutika haina kazi.

Pili, kasi ya shata. Kama kamera yako inakuruhusu kuchagua, anza na 1/125 ya sekunde kwa mwimbaji aliyesimama, 1/250 kwa anayeruka na kucheza. Kama hairuhusu, chagua mpangilio wa michezo, wenye alama ya mtu anayekimbia, ambao huilazimisha kamera iende haraka.

Tatu, na hili halinunuliwi, ni kungoja. Kila msanii ana vituo vyake. Mwimbaji akishika sauti ndefu, mwili wote hutulia, ni koo tu linalofanya kazi. Mpiga gitaa akifika mwisho wa kipande chake, huinua kichwa. Nikiwa Tononoka usiku mmoja wa taarabu nilimtazama mzee mmoja mpiga tashkota, ala ya nyuzi yenye vitufe, kwa wimbo mzima bila kubonyeza. Mkono wa kushoto ulikuwa ukigonga vitufe kama wa mpiga taipu, wa kulia ukikwangura nyuzi, haraka mno kwa kamera yangu. Lakini kila mara mwimbaji alipoanza ubeti, mzee aliuinua ule mkono wa kulia, akauacha hewani, kidole gumba kimebana kile kibanzi cha kukwangulia, kisha akaushusha. Nusu sekunde hivi. Wimbo uliofuata nilijua pa kungojea, nikampata kwa 1/60, ametulia kabisa, hata makunyanzi ya vidole yanahesabika.

Viwiko vibane mbavuni, toa pumzi, bonyeza polepole. Kamera ikiweza kupiga mfululizo, piga tatu; ya katikati mara nyingi huwa imetulia kuliko ya kwanza, ambayo imetikiswa na kidole.

7. Mandhari yanaonekana, lakini uso wa msanii ni mweupe kama karatasi.

Kamera imeona giza kubwa limemzunguka mtu mmoja aliyemulikwa, ikadhani kila kitu ni cheusi, ikaongeza mwangaza. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ushushe hadi -1, au -1.7 kukiwa na taa moja kali tu. Kama kamera ina namna ya kupima mwangaza kwa nukta ya katikati, itumie na uielekeze usoni.

Wasanii wetu wengi ni weusi wa kupendeza, na kamera inapokosea huwafanya ama majivu ama kivuli. Angalia paji la uso kwenye skrini baada ya picha mbili za kwanza. Likiwa na doa jeupe lisilo na ngozi ndani yake, shusha tena. Kivuli huweza kufunguliwa kidogo baadaye kwenye kompyuta; weupe uliokwisha kuungua haurudi.

8. Taa za zambarau na nyekundu zinaharibu kila kitu.

Zinaharibu kweli. Taa nyekundu au buluu tupu hujaza rangi moja na kuziacha nyingine tupu, uso ukawa bamba lisilo na pua. Ngoja taa nyeupe au ya kahawia ya dhahabu. Mafundi wengi wa taa hurudia mtindo ule ule katika kila kiitikio, kwa hiyo ukisikiliza utajua lini nyeupe inakuja. Isipokuja, geuza picha kuwa ya nyeusi na nyeupe. Sioni aibu kufanya hivyo, na picha zangu kadhaa ninazozipenda zimetokana na zambarau isiyovumilika.

9. Mistari myeusi inayokatiza picha ni nini?

Ni taa, kamera haijaharibika. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazotumia umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata ya haraka huona. Rudi kwenye 1/100 au 1/50 na mistari mingi itapungua. Kama kamera ina shata ya kimya ya kielektroniki, izime, kwa sababu husoma picha mstari kwa mstari na huudaka mpepeso huo vibaya zaidi. Skrini kubwa za LED nyuma ya jukwaa zina mpepeso wake mwingine ambao huenda usiweze kuuondoa. Sogea ili mwimbaji aiache pembeni.

10. Nivute zumu mpaka mwisho?

Usifike mwisho. Lenzi inayoanzia f/3.2 ikiwa pana huweza kuishia f/6.4 ikivutwa, na huko inapokea robo tu ya mwangaza. Mtikisiko nao unakuzwa pamoja na msanii. Vuta hadi nusu, kisha ukate picha nyumbani. Zumu ya dijitali izime kabisa, haina tofauti na nilivyosema juu ya simu kwenye swali la 2.

## Ukumbi na hewa ya Pwani

11. Nisimame wapi?

Usiende katikati mbele. Pale maikrofoni humfunika mwimbaji mdomo na kidevu, spika za jukwaani zinaficha mapaja ya kila mtu, na umati unakusukuma. Simama pembeni kidogo, upande ambao mkono ulioshika maikrofoni haupo. Wengi hushika kwa kulia, kwa hiyo ukiwa unalitazama jukwaa, nenda upande wako wa kulia, ule unaokuonyesha ubavu wake wa kushoto.

Mama Ngina, fika mapema. Ile nusu saa kabla ya magharibi, mwanga ukiwa bado kwenye mibuyu na mashabiki wakiingia, ndiyo inayokupa picha ambazo hazihitaji ISO ya juu. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arubaini hivi mwaka mzima, na giza huingia upesi, usidhani una muda.

Ngomeni kuna zawadi nyingine. Kuta za ngome hiyo, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, zina rangi ya udongo wa dhahabu, na taa ikizipiga hurudisha mwanga laini kwa watu waliosimama karibu. Geuka, upige wasikilizaji. Picha za shoo zisizo na shoo ndani yake huzeeka vizuri.

Kwenye taarabu kaa karibu na njia ya kwendea kutunza. Mtu anainuka, anacheza polepole hadi kwa mwimbaji na noti mkononi, mwimbaji anamtazama na kumgeuzia ubeti kama umetungwa kwa ajili yake. Hapo nyuso mbili ziko pamoja na zote zina jambo. Lakini kabla ya kubonyeza soma swali la 16 na la 17.

12. Nikitoka ndani ya ukumbi lenzi inaingia ukungu. Imeharibika?

Hapana. Umetoka kwenye ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, kamera ni baridi, hewa ya nje ni ya moto yenye unyevu, maji yamegandamana kwenye kioo kama kwenye chupa ya soda. Usifute kwa leso wala pindo la shati. Kabla ya kutoka, itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, uiache humo dakika 20 ipate joto. Ukungu utakaa nje ya mfuko.

Nyumbani ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usiifukie kwenye mchele. Vumbi la mchele huingia kwenye lenzi na huko halitoki.

13. Chumvi, mchanga na mvua je?

Wakati wa kusi upepo unavuma kutoka baharini na kubeba chumvi mpaka jukwaani. Baada ya shoo ya ufukweni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kukamuliwa vizuri, kisha kwa kikavu. Mchanga ukiingia kwenye mkono wa lenzi, ukasikia unasaga, zima na usilazimishe, mpelekee fundi. Mvua ya masika haina mjadala, ifunge kwenye plastiki uendelee kusikiliza.

14. Miali ya leza inadhuru?

Inadhuru. Mwali ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unaweza kuchoma kihisi na kuacha mstari usiofutika. Shusha kamera miali inapoelekea kwenu. Simu nazo hivyo hivyo.

15. Stima zikikatika?

Usiwashe flashi. Ngoja macho yazoee, kisha tazama. Mashabiki huwasha simu zao na mara nyingi huendelea na wimbo wenyewe, bila spika. ISO juu kabisa, kamera juu ya bega la mwenzako au ukutani, usiibanie pumzi. Nina picha moja tu ya namna hiyo iliyokubali, imejaa chenga tele, na singeitoa kwa kamera mpya.

## Watu walio ndani ya picha

16. Naweza kupiga mashabiki wengine na kuweka mtandaoni?

Kupiga umati ni jambo moja, kumtoa mtu mmoja uso wake ukajaa fremu na kumtangaza ni jambo jingine. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilikitoza kilabu kimoja cha burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Wakati huo huo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hao ni wafanyabiashara nawe ni shabiki, lakini aibu ya aliyepigwa ni ile ile.

Kuuliza ni rahisi. Piga, geuza skrini, mwonyeshe: "Dada, nimekupiga hii, naweza kuiweka?" Wengi hufurahi na kukupa namba uwatumie. Akisema hapana, ifute mbele yake. Huenda kwao hawajui yuko pale, huenda ametoka eda juzi, huenda hataki tu. Hana haja ya kukueleza.

Mtoto: bila ruhusa ya mzazi, hapana.

17. Nimealikwa harusini, kuna taarabu usiku wa wanawake. Niende na kamera?

Hapana. Hili nalisema nikiwa mwanamke niliyekulia ndani ya sherehe hizo na ninayezipenda kuliko shoo yoyote ya jukwaani.

Kwenye kupamba na kesha, wanawake huvua mabuibui mlangoni. Nywele zimesukwa, mikono ina hina mpaka viwikoni, nguo zimeshonwa kwa miezi. Wanacheza chakacha kwa sababu wanajua chumba kizima ni chao. Anayeingia na kamera, hata asiyeitoa mkobani, anauvunja usalama huo. Kila mmoja anaanza kuchungulia nani ameinua mkono. Nimeshuhudia picha moja ikitoka kwenye usiku kama huo ikasambaa kabla ya alfajiri. Mama wa watu, ambaye maisha yake yote hakutoka bila buibui, alikaa ndani wiki nzima asitake hata kufungua mlango kwa majirani. Aliyeituma alisema hakukusudia ubaya. Huenda ni kweli, na haikusaidia kitu.

Kama familia imeajiri mpiga picha wa kike, kazi ni yake, na picha zinakwenda mikononi mwa mwenye harusi. Wewe nenda kacheze.

18. Baunsa anataka nifute picha, au anaing'ang'ania kamera.

Muulize kwa utulivu ni picha ipi na kwa nini. Mara nyingi umempiga mtu aliyelalamika, na swali la 16 limekwisha kukujibu. Hana haki ya kuichukua kamera yako ikawa yake, lakini mlangoni saa nane usiku si mahali pa kesi. Mwite mwandaaji au askari aliye zamu. Ukikubali kufuta, futa wewe, kwa mkono wako, hiyo moja.

Msanii mwenyewe akiomba kutoka jukwaani kamera zishushwe, shusha. Pengine anataka kuimba kitu ambacho hakijatoka.

19. Naweza kuuza picha zangu?

Hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Lakini kuwa na hakimiliki hakukupi sura ya msanii ya kutangazia sabuni au kuchapa kwenye fulana. Hapo unahitaji idhini yake. Masharti ya tiketi nayo huweza kukataza matumizi ya kibiashara. Msanii akiitumia picha yako kwenye kurasa zake, mwombe jina lako liandikwe. Wengi huandika wakiombwa vizuri. Wasipoandika, mwandikie meneja wake mara moja, kwa adabu.

## Baada ya shoo

20. Nirudi vipi salama na kamera?

Mfuko wa mbele, kamba kwenye kifundo cha mkono. Usikae kwenye tuktuk au matatu ukipitia picha, skrini inakutangaza. Ukipitia Likoni, weka kamera mbali mpaka uvuke. Kivuko na bandari si mahali pa kujaribu picha za usiku.

21. Picha zikifika kwa rafiki kwenye WhatsApp zimekuwa mbovu.

WhatsApp huzibana. Zitume kama faili ya hati na zitafika kama zilivyo.

22. Nimezifuta zote kwa bahati mbaya.

Toa kadi sasa hivi, usipige hata moja zaidi. Kilichofutwa huwa bado kipo mpaka kiandikwe juu yake, na kuna programu za bure za kukirudisha ukiwa na kompyuta. Kuanzia hapo usifute picha ndani ya kamera isipokuwa kwa sababu ya swali la 16. Hamishia kompyutani, nakili mahali pa pili, kisha ndipo uifomati kadi.

23. Nina picha za zamani za msanii aliyekwisha kufariki. Nizifanye nini?

Zipelekee familia kabla ya kuziweka popote. Yule mzee wa tashkota niliyemtaja kwenye swali la 6 alifariki baadaye, na binti yake alipopata habari kwamba nina picha alinipigia simu akaniuliza kama kuna yoyote inayoonyesha mikono. Nyumbani walikuwa nazo za pasipoti na za harusi za watoto, amekaa, amevaa koti, mikono magotini. Ya akipiga hawakuwa nayo.

Niliichapisha kwa inchi 8 kwa 10, moja ya ukutani na moja ya kuweka. Nyuma niliandika kwa penseli, maana wino huvuja: jina lake, ukumbi, mwezi na mwaka, na wimbo uliokuwa ukipigwa kwa kadiri ninavyokumbuka. Binti akaniambia wimbo sio huo. Nikafuta, nikaandika alionitajia.